Bangili Ndogo za Mapalo

Pale sokoni, Marché Kenya, saa ya watu kusukumana, donge la uzi mwekundu lilimponyoka Mapalo, likabiringika kati ya miguu ya wanunuzi, uzi ukamnasa kijana mmoja wa shati jeupe lenye harufu ya sabuni.

"Mama, unanifunga mbele ya bantu bote?"

"Angalia pa kukanyaga, Papa! Ule uzi iko ya kazi."

Jeannot, ndilo jina la kijana huyo, aliukunja wote mpaka kwenye meza ya Mapalo. Mapalo, liputa, kitenge cha buluu, kiunoni, alikuwa akiuza bangili za kufuma. Kufuma alijifunza jioni kwa Mama Clotilde, fundi wa uzi, ili amwambie kila kijana anayenunua: kabla ya ndoa, mupimwe damu. Drépano ni ugonjwa wa damu, mtoto huurithi kwa baba na mama wote wawili.

Jeannot akajaribu moja. Haikupita vidole.

"Iko kadogo! Unafumia ba-poupées, batoto ba bandia?"

Mapalo akaendelea kufuma. Mama Clotilde alikwisha kumfumulia na kumwanzishia upya mara nyingi. Bure. Kila bangili ilitoka kipimo kilekile: mkono wa Kunda, mwanawe, aliyeuawa na drépano. Na kila alipofuma, upande wa pili wa uzi alihisi vidole vidogo vikivuta, polepole, kama zamani.

Jeannot aliinunua hivyo hivyo, akaomba na namba ya simu. Jioni akaanza kupiga simu.

"Chérie, umekula?"

"Nimekula. Unaita juu ya chakula tu?"

"Juu ya sauti yako. Chakula iko kisingizio."

Siku alipotaja ndoa, Mapalo alimweleza yote. "Miye niko AS: nabeba drépano mu damu, bila kuugua. Enda upimwe kwanza."

Simu zikakatika. Amekimbia, Mapalo akajisemea. Uzi ukazidi kuvutwa.

Kisha, mchana mmoja wa mvua, Jeannot huyo mbele ya meza, amelowa, ile bangili ndogo imening'inia kwenye ufunguo wake.

"Juu ya nini ulinyamaza?"

"Niko AS, Mapalo. Sawa na weye. Niliogopa utanifukuza."

"Sitazika mwingine, Jeannot. Enda, tafuta wa AA, asiyebeba drépano."

"Hatutazaa, sawa. Mutoto tuko naye." Akachuchumaa. "Unipeleke kwa kaburi ya Kunda, nimwambie: miye njo papa yako. Kisha unioe, ao nikuoe, vile unapenda."

Mapalo hakucheka. Alizungusha uzi kwenye mkono wa Jeannot, akaanza kufuma hapohapo. Vidole vidogo vikavuta, vikasita. Halafu, kwa mara ya kwanza, vikaulegeza uzi. Bangili ikamtosha.

"Tuende asubuhi," akasema. "Asubuhi njo Kunda alikuwaka anacheka."