Sipigi Hodi Kwangu

Jua lilikuwa linazama Fundi Pazia aliposhuka kwenye basi, furushi la mapazia mapya begani. Safari yake haikuwa na makuu. Kutundika mapazia, kulala, kurudi kwenye cherehani yake.

Nyumba yenyewe ilikuwa ng'ambo ya mpaka, ghorofa ya juu kabisa katika jengo la mapumziko lililotazama maji. Aliinunua kwa akiba yake yote, kwa mpango ambao shemeji yake aliucheka mpaka akapaliwa na chai. Unanunua nyumba, kisha unawapangisha wale wale waliokuuzia. Wao wanaweka watalii, wewe unatumiwa kodi, na kila mwaka unapewa wiki mbili za kwenda kulala kwako.

"Kwa hiyo shemeji," alimwambia, "umenunua nyumba ili uombe ruhusa ya kuingia."

Fundi alicheka naye, lakini maneno yale yalimkaa kama mwiba wa samaki kooni. Tangu azaliwe alikuwa hajamiliki hata mlango. Hii ilikuwa nyumba yake ya kwanza, na kwa umri wake, ya mwisho.

Kodi haikukosa. Hapo ndipo wasiwasi ulipoanzia. Mvua zinanyesha, watalii wamekwenda zao, kodi inaingia vilevile. Alipopiga simu kuuliza ni nani anayekaa humo, karani wa kampuni iliyomuuzia alimjibu kwamba walimwahidi nyumba haitalala tupu, na haijalala tupu. Basi akakata kitambaa, akashona, akapanda basi. Wiki zake zilikuwa bado mbali. Hakumuaga mtu.

Jengo lilikuwa kimya. Madirisha yamefungwa, viti vya bustani vimepinduliwa juu ya meza, bwawa la kuogelea limekauka na kujaa majani. Pale mapokezi alikaa mzee mwembamba, mtunza funguo, ndani ya koti lililomzidi.

"Mama, wiki yako bado," alisema, bila hata kumuuliza jina.

Fundi alimweleza taratibu, kama anavyowaeleza wateja wenye haraka, kwamba hakuja kupumzika, amekuja kubadilisha mapazia, na ufunguo anao. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, akanong'ona.

"Juu yuko mtu. Ukifika, piga hodi. Akikuitikia karibu, ingia polepole, ukae atakapokuonyesha."

"Nipige hodi kwangu?"

"Wote hupiga, mama."

Ngazini taa hazikuwaka. Akapanda kwa kupapasa ukuta. Nyuma ya kila mlango aliopita palisikika kitu kidogo... kama mtu anayesogeza kiti ili asikie vizuri. Na harufu. Harufu ya nguo mbichi iliyofungiwa sandukuni.

Alipofika mlangoni kwake, mkono ulijiinua wenyewe. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyowalea wanawe. Neno likamfika kwenye ncha ya ulimi. Akahisi kule ndani mtu amevuta pumzi, tayari kuitikia.

Akakumbuka kicheko cha shemeji.

Akalimeza neno. Akatia ufunguo, akaingia.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa, lakini katikati kimebonyea. Kikombe kilifuka mvuke mezani. Mapazia yake ya zamani yalikuwa yamefungwa. Fundi hukata mapazia yaishie vidole vinne juu ya sakafu, yasizoe vumbi, na katika nafasi hiyo ndogo aliona...

Visigino viwili.

Vya kijivu, vikavu, vimepasuka. Mwenye visigino alikuwa amesimama nyuma ya pazia, uso dirishani.

"Karibu, mgeni," sauti ikasema.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, Fundi, ila imechoka kidogo. Kisha visigino vikaanza kugeuka. Polepole. Mpaka vidole vya miguu vikamtazama.

Fundi akaweka furushi chini.

"Anayekaribisha watu ni mwenye nyumba," alisema. "Mwenye nyumba ndio kwanza ameingia. Wewe nani alikukaribisha?"

Akavuta kigoda, akapanda, akaanza kulishusha pazia, ndoano baada ya ndoano. Lilikuwa zito kama limetolewa majini. Kitu kilimpumulia kwenye kifundo cha mkono, kupitia kitambaa, pumzi ya baridi.

"Pumua tu," akakiambia. "Nililishona mimi, nalishusha mimi."

Ndoano ya mwisho ikaachia. Pazia likaanguka.

Hapakuwa na mtu. Kioo tu, na giza linaloingia juu ya maji. Nyuma yake mlango ukajifunga taratibu, kama mtu anayetoka kwa adabu.

Kisha, kutoka nje:

"Hodi."

Sauti ya mtunza funguo. Fundi akafungua furushi la mapazia mapya.

"Hodi." Sauti ya binti yake mkubwa. Akaung'ata ulimi.

"Hodi, mama watoto. Huku nje baridi."

Huyo alikuwa marehemu mumewe. Machozi yakamtoka Fundi, yakadondokea pazia jipya alilolishika. Hakuyafuta. Alitia ndoano, akatundika, akanyoosha mikunjo mmoja mmoja, na alipomaliza ndipo akasema, bila kugeuka:

"Nyumba hii ina mwenyewe. Nenda."

Alilala katikati ya kitanda, pale palipobonyea.

Asubuhi, kiti cha mapokezi kilikuwa kitupu, koti limetundikwa mgongoni mwake. Mlango mmoja wa chini ulikuwa wazi. Mzee alikaa humo kitandani, viatu amevua, analia kama mtu anayecheka.

"Hii niliinunua kabla yako," alinong'ona. "Nilipiga hodi, nikawa mgeni."

Fundi alimuuliza yule wa juu ni nani na nani alimweka. Mzee akatikisa kichwa, akaweka kidole mdomoni, macho kwenye pazia lake. Lile liliburuzika sakafuni.

Mwezi ule kodi haikuja, wala haijaja tena. Kampuni ilimpigia kumshauri auze. Akawaambia wamsalimie mpangaji wao. Shemeji naye alicheka sana. Fundi alimjibu kwamba nyumba tupu iliyo yake inamtosha, na sasa anakwenda atakapo, msimu wowote, anaingia bila hodi.

Ila wateja wanalalamika. Wanasema siku hizi wakibisha haitikii karibu. Huinuka mwenyewe, anafungua kidogo, anatazama miguu kwanza.

Jana jioni hodi ilipigwa kwenye kibanda chake cha kushonea. Ilikuwa sauti ile ile. Ya kwake, iliyochoka kidogo.

Fundi aliinua mguu, cherehani ikanyamaza. Akatazama chini ya mlango. Vidole vya kijivu, vikavu, vilikuwa vikimtazama.

Kisha akakanyaga tena, akaendelea kushona.