Wigi Iliyofika Mapema

Mzigo ulifika kabla Violeth hajamwambia muuzaji alipo.

Asubuhi ile aliiona wigi kwenye ukurasa mmoja wa mtandaoni: nyeusi, ndefu, nzuri mno kwa bei yake. Ukurasa haukuwa na anwani wala jina la mtu, na sifa za wateja zilifanana neno kwa neno. Aliuliza tu, "Ipo?" Akajibiwa, "Ipo. Utalipa ukipokea." Kabla ya adhuhuri bodaboda akasimama mbele ya saluni yake, pale Somanda, akaweka boksi kizingitini na kuondoka bila kudai pesa.

"Nani kamwelekeza?" aliuliza mama mkwe wake, Monika, aliyekuwa amempakata mjukuu wake Gloria.

"Labda saluni yangu inajulikana, mama."

"Kwa mtu asiyekujua?"

Violeth alicheka, ila kicheko hakikukolea. Boksi lilinuka udi na udongo mbichi, na mvua haijanyesha Bariadi kwa muda mrefu. Alipoivaa wigi, ilikuwa na joto, kana kwamba imevuliwa muda huohuo kichwani mwa mtu.

Ujumbe ukaingia. "Tuma picha ukiwa umeivaa." Akatuma. "Tuma jina la mama yako mzazi, tukusajili." Akasita, kisha akatuma. "Na jina la mtoto." Hapo alishtuka. Hakuwa ametaja popote kwamba ana mtoto. Akaivua wigi, akairudisha boksini na kufunga kifuniko.

Simu ikaita. Sauti ya mwanamke, laini, ikasema, "Kuna namba ya uthibitisho imetumwa. Nisomee."

"Sijaona namba yoyote."

"Haikutumwa kwenye simu."

Gloria, ambaye hata kusema "maji" alikuwa bado hajaweza, akainuka ghafla mapajani mwa bibi yake, macho yamemtoka lakini hayaoni kitu, na kwa sauti nzito ya mtu mzima akaanza kutaja, "Saba... mbili... nne..." huku ile sauti ya simuni ikimwitikia "ehee, ehee" kama mtu anayepokea fedha mkononi, mpaka Violeth akaruka na kumziba mwanawe mdomo.

"Zima simu, mayu!" Monika alinong'ona. "Zima!"

Akaizima. Sauti ikaendelea, sasa ikitoka ndani ya boksi. "Imebaki moja tu."

Monika alimwita Jilala, mganga wa Sapiwi, akamsimulia yaliyotokea, naye akafika jua likiwa bado juu. Hakukaa.

"Mwadila, mayu," akamsalimia Violeth kwa Kisukuma. "Umempa nini huyo muuzaji?"

"Picha yangu. Na jina la mama."

"Hivyo vimekwenda, sivirudishi. Lakini ile namba hajaikamilisha, na wewe hujasema umepokea. Usije ukasema. Lishike boksi, likatae."

Violeth alilishika, Jilala akinyunyizia dawa, na nywele zikaanza kuchungulia chini ya kifuniko, zikatambaa taratibu juu ya vidole vyake, zikamzunguka kiganja, zikakaza, na harufu ya udi ikajaa saluni mpaka akashindwa kuvuta pumzi, naye kwa pumzi ya mwisho akapiga kelele, "Sikununua! Sikupokea! Mzigo huu si wangu!"

Kitu kikapita mlangoni kama upepo wa vumbi. Boksi likawa jepesi. Alipolifungua, halikuwa na kitu. Gloria akaanza kulia, kilio cha mtoto, akitaka kunyonya.

Violeth alikuwa akimnyonyesha, machozi yakimtoka, simu ameshaiwasha tena, pale wifi yake Apolonia alipopiga simu kutoka Migato.

"Wifi, nimeiagiza ile wigi uliyonihimiza. Ulivyoisifia mchana uliponipigia!"

"Apolonia, sijakupigia leo. Nisikilize. Kama kuna mzigo umekuja, usiupokee."

Halafu Apolonia akacheka.

"Acha utani, wifi. Si wewe huyu ninayekuona dirishani, unabisha hodi hapa mlangoni na boksi mkononi?"

Na Violeth akasikia komeo likivutwa.