Mogesi Aliyetolewa kwenye Hesabu

Siku ya gulio sokoni Tarime watu hupigana vikumbo, na kikumbo cha Mogesi kilikuwa cha mabati. Kijana aliyeyabeba begani aligeuka ghafla kumjibu mwenzake, ncha ikampitia Mogesi mkononi, damu ikachuruzikia gauni lake jipya la kitenge cha njano. Mwanamume mrefu mwenye shati lililonyooshwa kwa pasi akamshika mkono, akaufunga kwa leso, kisha akatazama saa.

"We mura, kijana wewe, mimi navuja damu, wewe unaangalia saa?"

"Samahani, dada. Nataka kujua yowe limeanza saa ngapi."

"Yowe gani? Mbona sijapiga?"

Mogesi akajua kapata mwehu. Ila mwehu mwenyewe alikuwa na macho mazuri, tena akampeleka hospitali. Jina lake Simioni, Mwikoma wa Mugumu, mtu wa hesabu anayetafiti jinsi mwili unavyovimba ukijeruhiwa.

"Kwenu ng'ombe wakiibwa inakuwaje?" alimuuliza wakisubiri nesi.

"Yowe linapigwa, kila boma linapokea, wanaume wanatoka na mapanga."

"Basi na seli ni hivyo hivyo. Zinapelekeana habari, jeshi linakuja, mahali panavimba na kuwa pa moto. Mimi naandika milinganyo ya kutabiri yowe litafika wapi na litatulia lini. Lisipotulia, jeshi linaumiza wenyeji."

Mogesi alielewa nusu, akakubali kuwa mmoja wa wanaopimwa. Nesi akawa anamtoa damu kidogo asubuhi, na jioni Simioni anapiga simu.

"Uvimbe unaendeleaje, mrembo?"

"Umepungua. Hilo 'mrembo' nalo liko kwenye hesabu?"

"Hilo limenishinda kukokotoa."

Simu zikawa zinaanza na uvimbe na kuishia kwenye vicheko. Mogesi akapenda, akapenda kwelikweli, hata kidonda kilipofunga alisikitika.

Halafu ukaja ujumbe: "Mogesi, nimekutoa kwenye utafiti. Simu za mradi hutapigiwa tena. Nashukuru." Baada ya hapo, kimya. Kosa lake nini? Alikuwa anapendwa au anapimwa? Akamwendea Scholastica, muuza maandazi aliyeungua mafuta, naye akiwa kwenye utafiti uleule.

"Mimi mbona bado ananipigia?" Scholastica akashangaa.

"Anakuitaje?"

"Ananiita mama."

Mogesi akazidi kuchanganyikiwa. Na baba yake akapiga simu kutoka nyumbani Kewanja: watu wa Vincent wa Kerende, kijana anayetaka kumuoa, wanakuja Jumapili kuzungumzia ng'ombe wa mahari, wanataka jibu. Mogesi alitaka kusema hapana, lakini hapana kwa ajili ya nani? Akaangua kilio simuni, mzee akakata.

Ijumaa uvumilivu ukamwishia. Akajipaka wanja, akavaa sketi yake nyekundu, akamkuta Simioni nje ya maabara ya hospitali, amekonda, shati halijapigwa pasi.

"Nilikukosea nini?"

"Wewe? Mimi ndiye nangoja jibu lako!"

"Jibu la nini?"

"La ujumbe wangu."

"Ujumbe wa kunifukuza?"

Simioni akaeleza. "Mtafiti haruhusiwi kumtongoza mtu anayempima. Nilimwambia mkuu wangu kwamba nakupenda, nikakutoa wewe na vipimo vyako vyote. Mchoro wangu wa matokeo sasa umeharibika, naanza upya. Nikaona nikikupigia tena nitakuwa nakulazimisha."

"Na hilo neno 'nakupenda' ulishindwa kuliandika?"

"Nilidhani limeonekana."

"Limeonekana wapi, Simioni? Wapi?"

Akampiga kifuani, halafu akalia palepale kifuani, na alipoulizwa analia nini hakujua. Hasira ilikuwepo, furaha ilikuwepo, hofu ya Jumapili nayo ilikuwepo.

"Nataka kukuoa," Simioni alimnong'oneza. "Safari hii nimesema."

Mogesi akapangusa wanja, akapiga simu Kewanja.

"Shikamoo, tata. Waambie watu wa Kerende wasije."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Kuna mtu mwingine anataka kuja. Ni Mwikoma, si wa kabila letu."

Mzee akauliza:

"Ndiye aliyekuwa anakuliza?"

"Ndiye, tata."

"Aje kesho. Ng'ombe tutazungumza baadaye. Nataka kwanza kumtazama usoni nimuulize alikuwa wapi siku ulipolia."