Ndoo ya Shukrani Mtoni

Siku ya kuvuna samaki, Mama Bwawa alisali alfajiri, akavaa suruali kuukuu ya mumewe, akaingia kwenye tope mpaka magotini.

Majirani walimpa jina hilo kwa sababu bwawa lilikuwa nyuma ya jiko lake, na mazungumzo yake yote yaliishia humo. Yeye na mumewe, fundi uashi, walilichimba kwa mikono yao. Vifaranga wa samaki waliwanunua kutoka mbali: perege weupe wanaonenepa upesi.

Samaki wakubwa walikwenda sokoni. Wadogo, wasiojaa kiganja, Mama Bwawa aliwatia kwenye ndoo. Akateremka nao mpaka mtoni, akawamwaga taratibu, wasiumie.

"Mungu wangu, umetupa wengi," aliomba. "Na mto nao upate."

Alifanya hivyo kila mavuno kwa miaka minne, na kila mara alirudi nyumbani na moyo mwepesi.

"Samaki wanaoombewa hivyo watafika mbinguni kabla yetu," mumewe alimtania.

"Wewe cheka tu. Mimi nimekwisha kushukuru."

Siku hiyo, kabla hajanawa tope, sauti ilisikika uani.

"Wifi! Toka uone watoto wako!"

Alikuwa dada wa mumewe. Yeye aliishi chini kidogo ya mto, na tangu ujana alivua kwa mitego aliyosuka mwenyewe kwa matete. Alivua perege wa mtoni, wadogo, weusi, wenye wekundu kwenye ukingo wa mkia. Wateja walimfuata hadi mlangoni kwa utamu wa samaki hao. Leo alikuwa na mtego mmoja kichwani, na uso umekunjamana.

"Watoto gani tena, wifi? Karibu kwanza ukae."

"Sikai. Nimetega mitego kumi na miwili, nimepata samaki saba. Wangu ni wawili tu. Hawa watano ni nani? Si weusi wa mto, si weupe wa bwawa. Wana rangi ya chai iliyonyimwa maziwa!"

Wifi aliutua mtego, Mama Bwawa akainama, akatazama. Kweli, hakuwahi kuona samaki wa namna hiyo.

"Mwanzoni nilifurahi," wifi aliendelea. "Nilipata weupe wakubwa, nikasema wifi yangu ananipenda. Sasa wakubwa siwaoni, na wangu wanakwisha. Nikipata msimu mwingine wa mvua kama huu, naacha mto. Nahamia kwa binti yangu mjini, nikaoshe vyombo vya watu."

Maneno hayo yalimchoma Mama Bwawa. "Mimi nauongezea mto samaki, halafu unanilaumu kwamba wanapungua? Hesabu gani hiyo?"

Wote wawili walimgeukia fundi uashi.

"Msinitazame," alisema. "Mmoja dada yangu, mmoja mke wangu. Nikifungua mdomo, leo silali popote. Nakwenda kumwita Bibi Samaki."

Huyo alikuwa mtaalamu wa samaki wa eneo lile. Alifika kesho yake kwa baiskeli, viatu vya mpira vikining'inia kwenye usukani. Aliomba beseni la maji. Akatia humo perege mmoja wa bwawa, mmoja wa mto, na mmoja wa wale wasiojulikana.

"Mama, mtazame huyu wa tatu. Mkia ni wa nani?"

"Wa mto," Mama Bwawa alijibu polepole. "Lakini mwili ni wa kwangu."

"Ndiyo. Ni chotara. Wa bwawani na wa mtoni wamezaa pamoja."

"Kuna ubaya gani?" fundi uashi aliuliza. "Si wote perege?"

"Wa mtoni ameuzoea mto. Mafuriko yakija, anajua pa kujificha. Wa bwawani amechaguliwa anenepe kwa kulishwa. Watoto wao wengi hawajui mto vizuri kama wazazi wao wa mtoni, na mafuriko huwachukua. Tena wa bwawani ana nguvu. Huwafukuza wenyeji mahali pa kutagia, hula chakula chao na hata mayai yao. Na bwawa likiwa na ugonjwa, ugonjwa nao unakwenda mtoni."

Mama Bwawa alikaa chini, pale pale kwenye udongo. "Miaka minne," alisema. "Miaka minne naomba huku naharibu."

Wifi, aliyekuja na hasira zake zote, alimwona akilia. Akachuchumaa karibu naye.

"Dua ilikuwa njema, wifi. Ndoo ndiyo iliyokosea njia."

"Wala si ndoo peke yake," alisema Bibi Samaki. Aliwaonyesha bomba la kutolea maji. Wavu wake ulikuwa umeoza, umebaki nyuzi mbili. "Maji yakijaa, hawa hutoka wenyewe, hawasubiri kubebwa."

"Tuwarudishe vipi?" Mama Bwawa aliuliza.

"Waliotoka hatuwezi kuwarudisha wote, nisikudanganye. Tuache kuwaongeza. Huko juu, penye maporomoko, samaki wenu hawakuweza kupanda. Wenyeji bado wapo. Wakishuka, wapate nafasi."

Wiki hiyo hiyo kazi ilianza. Fundi uashi aliinua kingo za bwawa kwa mawe, maji ya mvua yasipite juu. Kwenye bomba aliweka nyavu mbili za waya, mmoja nyuma ya mwingine, zenye matundu madogo kuliko kifaranga. Mama Bwawa alizikagua kila asubuhi baada ya sala, na kila mvua ilipokatika. Samaki wadogo waliobaki wakati wa mavuno aliwahamishia kwenye kibwawa cha pembeni wakue, au aliwapika. Hakuna aliyepelekwa tena mtoni. Tena walikubaliana: samaki wakitoroka, wasifiche; wampigie Bibi Samaki siku hiyo hiyo.

Wifi naye alibadili uvuvi wake. Weupe na chotara aliwatoa mtoni kila alipowakuta. Majike weusi wenye mayai aliwaachia warudi.

Msimu wa kwanza hali haikubadilika sana. Wifi alifunga mizigo mara mbili, akaifungua mara mbili. "Ngoja mvua moja tu," Mama Bwawa alimsihi, akapiga magoti kuuombea mto, safari hii mikono mitupu.

Mvua za msimu wa pili zilipokwisha, walikwenda wote wawili kuinua mitego. Wa kwanza ulikuwa mtupu. Wa pili ulikuwa mzito. Wifi aliufungua juu ya majani, samaki wakarukaruka. Walihesabu kwa sauti, kama watoto wa darasa la kwanza. Weusi tisa, wenye wekundu mkiani. Chotara watatu.

"Bado wapo watatu," Mama Bwawa alisema kwa wasiwasi.

Wifi alikwisha kutoa kisu. "Hao watatu tunawala mchana huu. Kawashe moto, wifi. Na umwambie kaka yangu anitolee kiti uani. Leo nakaa."