Mchanga wa Kilo Sitini na Moja

Siku ya kliniki muuguzi alimtundika Bonge kwenye mizani ya kuning'inia, akatazama mshale, akamtoa, akamtundika tena. Mtoto wa miezi tisa, mwembamba kuliko jina lake la utani, alifika kilo kumi na nne. Mwezi uliopita alikuwa na nane.

"Mama Bonge, unamlisha mawe?" alisema muuguzi, na akina mama kwenye benchi wakacheka. Mama Bonge naye alicheka kidogo, kwa aibu. Lakini alipombeba mgongoni, mtoto alikuwa mwepesi kama siku zote. Uzito ule ulimjia akining'inia tu.

Hapo ndipo alipoukumbuka ukuta.

Mumewe alikuwa askari wa gereza, na mtu aliponyongwa yeye ndiye aliyevuta mkono wa chuma unaofungua mlango wa sakafuni chini ya mhukumiwa. Kazi hiyo ina taratibu zake. Siku moja kabla, mhukumiwa hupimwa, kisha gunia hujazwa mchanga wa uzito wake na kutundikwa, ili kamba inyooke. Gunia la mwisho lilikuwa la kilo sitini na moja. Baadaye mchanga ulipaswa kumwagwa, lakini mume hakupenda kitu kipotee bure. Aliuleta nyumbani, akapiga nao lipu chumba cha mtoto. Mke ndiye aliyekoroga saruji. Alipoambiwa mchanga ulikotoka, aliuliza tu yule mtu alifanya nini. Aliua muuza duka na mwanawe, mume akasema.

"Basi alistahili," alisema mke, akaongeza maji.

Ukuta ule haukukauka. Ulinuka jasho la mtu mwenye hofu, na kila adhuhuri, Bonge akilala na mtaa ukitulia, ulitoa mlio wa kamba inayokazwa, kwiii, kisha kimya, kisha kwiii tena, taratibu, kama kitu kizito kinachozunguka upande mmoja na kurudi upande wa pili kikitafuta pa kutua miguu.

Mume aliposikia naye, hakubisha. Wakamwita mganga, bibi mmoja mfupi aliyeweka shavu ukutani, kisha akajifuta upesi.

"Huyu si marehemu," alinong'ona. "Ni jini linalokaa chini ya ule mlango wa sakafuni, hushiba uzito unaposhuka. Lilifuata mchanga likidhani ni mtu. Tutaubandua ukuta, lakini halitatoka nyumba iliyokubali mtu auawe. Baba Bonge, apa kwamba hutavuta tena."

Mume alitazama viatu vyake. "Bibi, nisipovuta mimi atavuta mwenzangu. Hukumu si yangu."

"Na wewe, mwanangu?"

Mama Bonge alitaka kusema kwamba hakuna mtu anayestahili kuuawa. Alilitafuta neno hilo kwa moyo wote. Badala yake akamwona akilini mke wa muuza duka, akifua nguo za watu wawili ambao hawatazivaa. Akainama kumfunga Bonge mgongoni.

Bibi alitikisa kichwa. Walibandua lipu yote, wakaimwaga mtoni, na ukuta ukakauka siku ile ile. Mume alisema yamekwisha.

Mwezi ulipotimia, mume aliamka alfajiri akapiga viatu rangi. Mke alijua maana yake. Aliapa hatauliza, kisha akauliza: huyu wa leo alifanya nini? Mume alimjibu akiwa amempa mgongo. Aliyeuawa alikuwa msichana wa miaka sita. Mke akauma ulimi asitamke neno, lakini ulimi hauufungi moyo, na moyo ulikuwa umekwisha kusema.

Siku hiyo pia ilikuwa siku ya kliniki. Muuguzi alimtundika Bonge. Mikanda ya mizani ikakaza, ikalia kwiii, na mshale ukapita nane, ukapita kumi na nne, ukaendelea kupanda.

"Mizani hii mbovu," muuguzi alisema, akageuka kuita mwenzake.

Bonge hakulia. Alimtazama mama yake, akazunguka kidogo upande mmoja, akarudi. Kichwa kikalala taratibu juu ya bega la kushoto. Kisha mtoto ambaye bado hakujua hata kusema mama, akasema kwa sauti nzito ya mtu aliyezoea kungoja:

"Na wa leo, anastahili?"

Mama Bonge alifungua mdomo akatae. Mshale ulikuwa bado unapanda, na yeye bado alikuwa akilitafuta lile neno.