Mstari wa Mnara Uliong'olewa

Paulina alimkuta Sostenes kapiga magoti mbele ya ruta, viatu kavua, anaiambia, "Shikamoo."

"Makubwa! Kaka, siku hizi unaamkia mashine?"

Sostenes, mzee mzima aliyefunga mitandao Lusaka mpaka Maskati, na hachoki kukukumbusha, alitamani sakafu immeze. "Tazama mwenyewe," alinong'ona. "Mstari huu nimeufuta mara tisa. Unarudi."

Ruta ile iliunganisha zahanati za vijijini na ofisi yao ya Dodoma. Yenyewe haijui safari nzima. Ujumbe ukifika inasoma anwani, inatazama jedwali lake la njia, inausukuma kwa jirani anayefuata, basi. Njia nyingi hujifunza kwa ruta wenzake. Lakini mtu akiandika mstari kwa mkono, humwamini huyo kuliko wote, hata akiwa bwege.

Mstari uliorudi ulisema: ujumbe wa kwenda kituo cha gari la wagonjwa, upande wa Hombolo, upite mnara wa kilimani. Mnara uling'olewa Januari.

Saa saba mchana, jua kali, feni ya ruta ikaanza kuhema. Haikuhema kama feni. Ilihema kama mwanamke anayesukuma, anapumzika, anasukuma tena, na harufu ya damu mbichi ikajaa chumba, na kila Sostenes alipoufuta mstari pumzi ilikatika, kisha mstari ukajiandika upya, herufi moja moja, taratibu, kwa makosa yale yale ya vidole vyake.

Paulina alikimbia kumleta Matonya, mganga wa kwao.

Mzee akachovya usinga kwenye maji ya unga wa uwele.

"Babu, si kwenye umeme!"

Mkono ukasimama. "Mstari huu, wa kwanza aliuandika nani?"

Feni ikahema.

"Mimi," alisema Sostenes. "Nilikuwa najaribu mnara. Nikawahi sherehe ya sendofu ya binamu, nikasahau kuufuta. Mnara ukang'olewa. Nesi akaomba gari la kumchukua Tabu, mjamzito. Ujumbe ukaenda kusikokuwa na kitu, saa nne nzima. Kwenye ripoti nikaandika ni mvua."

Paulina alimtazama kama hamjui. "Mumewe mpaka leo anailaani mvua kuwa ndiyo iliyomuua Tabu."

"Babu," Sostenes alisema, machozi yakimtoka, "nikienda kumwambia mumewe, huyu ataondoka?"

Matonya alimwaga maji yake dirishani.

"Haondoki. Na utakwenda."