Nani Kaupaka Ukuta wa Exaucée?

Saa moja asubuhi Exaucée alipofika Mbuya na kamera yake, alikuta uzuri wote wa ile nyumba ya askari iliyohamwa umeibwa. Kuvu za kijani, rangi iliyobambuka, nyufa alizozitamani mwezi mzima: zote zilikuwa chini ya chokaa mbichi. Maonyesho yake ya kwanza ya picha yangefunguliwa Jumamosi, na ukuta ule ndio uliokuwa uwe picha kubwa.

Akampigia simu jirani yake Aol, mpelelezi wa polisi, aliyekuja bila kunywa chai na kwa hiyo hakuwa na masihara. Aol aliizunguka nyumba taratibu. Haikuwa na paa wala milango, lakini kuta zake ziling'aa. Mawe ya kando ya njia nayo yalikuwa yamepakwa, na mti wa uani ulipakwa hadi kiunoni.

"Ni Bonny," Exaucée alisema. "Naye anapiga picha magofu kama mimi. Iko na wivu."

Bonny hakuwa mbali, na kiganja chake kilikuwa cheupe.

"Nilikuja kupiga picha huo ukuta kabla yake, nikauegemea," alijitetea. "Afande, mimi hata nyumba yangu sijapaka."

Aol alimwamini. "Mwenye wivu angeharibu ukuta akaenda zake. Nani anajisumbua na mawe?" Kisha akaanza kutabasamu. Yeye ni binti wa koplo, amekulia kambini, na huko mkubwa akija kukagua hata mawe hupakwa chokaa. "Jana ulimwambia nani kwamba unakuja?"

"Mzee Kidega tu, fundi baiskeli wa hapa njiani. Nilimwambia wakubwa wataona hii nyumba."

"Alikuwa mwanajeshi?"

"Miaka mingi."

Mzee Kidega alipowaona wakimjia penye baiskeli zake alisimama wima. Nyusi zake zilikuwa zimejaa chokaa.

"Ni mimi, afande," alisema kabla hajaulizwa. "Watoto yangu tano walizaliwa kwa ile nyumba. Wakubwa waone tulikaa kwa uchafu? Bibi yangu Acan, mama yao, atakufa na aibu."

Exaucée alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda. "Mzee, umenimaliza. Sasa ita mama. Mutasimama pale ndani, wote wawili."

Acan alikuja amevaa gomesi, gauni lake la sikukuu. Picha ya kwanza tu, Exaucée alishangilia. Hiyo ndiyo ingetundikwa Jumamosi. Aol alipotaka kuingia aone vizuri, Acan alimzuia pale palipokuwa na mlango zamani.

"Afande, viatu," alisema. "Hapa kumepakwa jana."

Aol akavua viatu, akaingia kwenye nyumba isiyo na paa.